Kijiti cha Kupimia Mguu

Kwa miaka mitatu mizima niliamini, na nikawaaminisha watu wengi kuliko mhubiri wa mkutano wa hema, kwamba huko Arusha kuna uwanja wa riadha uliotandikwa raba laini sana, na kwamba mkimbiaji hodari akiikanyaga, wayo wake unabaki pale milele. Habari hii niliipata sokoni Muthara, pamoja na jozi ya viatu vya mtumba. Muuzaji alisema amefika huko mwenyewe.

"Raba ile ni kama ugali umetoka jikoni sasa hivi," aliniambia. "Ukikanyaga kama mimi na wewe, inainuka tena. Ukikanyaga kama bingwa, haiinuki."

Nililipia viatu, habari nikapewa bure. Kabla sijafika kwetu Kianjai, upande wa Meru, nilikuwa nimeshaiongezea kidogo: kwamba kuna mzee ameajiriwa kuzifuta nyayo hizo vumbi kwa kitambaa cheupe, na kwamba mvua ikinyesha zinajaa maji na ndege wanakuja kunywa. Ndege niliwaleta mimi. Mzee wa kitambaa, nikijichunguza vizuri, naye pia ni wangu. Lakini raba yenyewe niliiamini kabisa, kama ninavyoamini kesho kutakucha.

Baadaye nilihamia Karurumo, huko Embu, nikawa nasimamia mashine ya kusaga unga mchana, na jioni naenda shule ya watu wazima. Tulisomea katika darasa la watoto wa chekechea, tukikalia madawati yao. Magoti yangu yalikuwa yakifika masikioni. Tukimaliza kipindi, ilibidi watu wawili wanivute ndipo nitoke. Mwenzangu wa dawati alikuwa mama mmoja mkulima wa kahawa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mtu wa maneno machache, anayeandika polepole kana kwamba kila herufi inapandwa shambani.

Jioni moja mwalimu alichelewa, nami nikawasimulia wenzangu habari ya raba. Walicheka mpaka vumbi la chokaa likaruka. Yule mama hakucheka. Aliuliza, "Na kama mtu alikimbia bila viatu?"

"Hapo ndipo inaonekana vizuri zaidi, mama. Vidole vyote vitano. Hata kucha."

Kucha niliziongeza mimi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile aliniambia kwa nini aliuliza. Binti yake alikuwa mkimbiaji. Alipokuwa sekondari alichaguliwa kwenda Arusha kushindana na shule za nchi jirani. Mama aliona mbio zinakula masomo. Siku moja binti alipokuwa shuleni, alichukua vile viatu vyake vya kukimbilia, vyenye meno chini, akavipeleka sokoni, akaviuza. Alidhani mambo yangeishia hapo. Binti alirudi, akatafuta chini ya kitanda, hakuuliza kitu. Wiki iliyofuata alipanda gari na wenzake akaenda Arusha, akakimbia miguu mitupu. Akamaliza shule, akahamia Naivasha kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, na tangu hapo akipigiwa simu na mama yake hashiki. Sikukuu ikifika anatuma ujumbe wa maneno mawili, kama ule unaotoka kwa kampuni ya simu.

"Nataka kuuona huo mguu," mama aliniambia. "Nikiuona nitajua la kumwambia. Saa hii nikipiga sina neno, na nadhani anajua sina neno, ndiyo maana hashiki."

Ningesema nini? Mtu mwenye busara angemwambia, mama, hiyo ni habari ya sokoni. Mimi nilimwambia nyayo ziko pale, na kwamba zimewekewa uzio mdogo wa kamba. Uzio pia haukuwa wa muuzaji wa viatu.

Basi mwaka jana mwalimu akatangaza ziara. Darasa letu la Embu na darasa la Meru mjini wangeungana kujaza basi moja, twende Arusha siku moja kuona viwanja vya michezo na kumbukumbu za historia, halafu kila mtu aandike ripoti ya kurasa mbili. Wengine bado tulikuwa tunauliza kama chakula kiko ndani ya nauli, yule mama tayari alikuwa amekwenda mbele akaandikisha jina lake. Aliporudi dawatini alifungua mkoba akanionyesha kitu kilichofungwa kwenye leso: kijiti chembamba cha mti wa mukima, kimekauka, kimekatwa sawa huku na huku.

Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu mtoto hapelekwi sokoni kujaribu viatu. Anakanyaga chini, mzazi anavunja kijiti kuanzia kisigino hadi kidole kirefu, na kijiti ndicho kinakwenda sokoni kuingizwa ndani ya kiatu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona aliyeniuzia viatu mpaka nilipotoka jandoni. Kijiti hiki ndicho alichoenda nacho kununulia viatu vile vya meno, yeye mwenyewe, kabla ya kuja kuviuza. Viatu vilikwenda, kijiti kilibaki juu ya dari, kwenye moshi.

"Kidole chake cha pili ni kirefu kuliko kile kikubwa," alisema. "Nitaujua tu."

Tulifika Arusha asubuhi tukiwa tumeshachoka. Tulisafiri usiku kucha, mpakani tukapanga foleni ambayo mwanzo wake, naapa, ulikuwa Kenya na mwisho wake katika karne nyingine. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya nilivyoviweka kwa ajili ya siku ya kupewa cheti. Kufikia mpakani miguu ilikuwa imevimba, nikaanza kutembea kama bata aliyepewa habari mbaya.

Kijana wa kututembeza alitupokea kwenye basi, amevaa shati jeupe, ana Kiswahili kilichonyooka mpaka unaogopa kukijibu.

"Shikamooni wazee wangu."

Kwetu hatuamkiani hivyo. Tulikuwa tumefundishwa jibu darasani, kwa hiyo basi zima, hata vijana wa miaka ishirini, tulijibu kwa sauti moja, "Marahaba." Kijana aliinamisha kichwa kwa adabu. Mwalimu wetu, ambaye ni mdogo kuliko karibu sote, alijishika paji la uso.

Tulianza na mnara wa saa, katikati ya mji. Tulielezwa kwamba watu husema hapo ni nusu ya safari kutoka kusini kabisa mwa Afrika hadi kaskazini. Niliamini mara moja, kwa sababu miguu yangu ilisema imetembea nusu hiyo. Tukaenda makumbusho, tukasimama mbele ya picha nyingi, tukaandika. Kisha mnara wa mwenge, tukazunguka, tukaandika. Jua la kule halina haraka. Linapanda, linakaa juu ya kichwa cha mtu mmoja mmoja, likimaliza linahamia kwa mwingine.

Kila tuliposhuka, yule mama alinivuta shati. "Ni hapa?"

"Bado, mama."

Tulipofika uwanja wa mjini tulipandishwa jukwaani. Ngazi zile nilizihesabu zikafika elfu moja. Mwalimu anasema ni arobaini. Juu kule watu walikaa, kila mtu anajipepea kwa daftari. Chini palikuwa na nyasi na magoli.

"Ni hapa?"

"Bado. Hapa ni pa mpira."

Tukapelekwa kuona uwanja mpya ambao ulikuwa bado unajengwa. Tuliutazama tukiwa nje ya mabati, vyuma vikubwa vimeinuka mpaka unaumwa shingo, na kijana akatueleza watu wangapi wataingia. Hakuna aliyeandika. Mchinjaji mmoja wa Meru mjini, mzee wa kofia ya kufuma aliyekuwa kiongozi wa darasa lao, alivua kiatu kimoja akakaa juu ya jiwe.

"Mimi nimeshauona," alisema. "Mkikamilisha kujenga mniite."

"Ni hapa?" mama aliniuliza, kwa sauti ya chini sana safari hii.

"Bado. Kile cha chuo ndicho cha mwisho."

Binti yake alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu siku ile ya mashindano, na mama aliukumbuka neno kwa neno: tumefika chuoni Arusha, kuna uwanja mzuri wa raba. Chuo hicho kilikuwa nje ya mji, na kwenye orodha ya mwalimu kilikuwa nambari ya mwisho, chini kabisa ya karatasi.

Tulikula ndani ya basi, githeri ya mahindi na maharagwe, na nduma, tulizobeba kutoka nyumbani, zimepoa zikawa kama mawe ya mto. Saa nane ikapita. Mwalimu alisimama mbele, ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Wazazi wangu, tumechelewa. Dereva anasema tukitaka kuvuka mpaka mapema, tuanze kurudi. Kile kiwanja cha chuo tutakiruka. Mtaandika vile viwili tulivyoona."

Unajua basi likipumua? Lilipumua. Watu walikuwa wameshavua viatu, wengine wameweka sweta nyuma ya shingo. Kutoka viti vya nyuma mtu akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki."

Nilimtazama mama. Hakubishana. Alitoa leso mkobani, akaiweka mapajani, akaifungua, akakitazama kile kijiti. Halafu akaanza kuifunga tena, kona moja, kona ya pili. Alipofika kona ya tatu nilisimama. Miguu ilipiga kelele, lakini nilisimama.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimulia jambo bila kuongeza kitu. Nilisema juu ya viatu vya meno, juu ya soko, juu ya simu isiyoshikwa. Nilichukua kijiti nikakiinua wakione. Nilipomaliza, mtu mmoja wa viti vya nyuma alivaa kiatu, akakivua tena. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wamechoka hata kuhurumia ilikuwa kazi.

Yule mchinjaji akajikohoza. "Kijana," alimwambia mtembezaji wetu, "huko chuoni kuna msikiti?"

"Upo, mzee, mlangoni kabisa."

"Basi mimi sijaswali adhuhuri. Nikiswali ndani ya basi nitaelekezwa kibla na dereva, na dereva huyu alishapotea mara mbili leo. Mwalimu, nipeleke nikaswali. Wengine wakitaka kushuka kutazama miguu ya watu, ni shauri lao."

Kicheko kilitoka, kichovu, lakini kilitoka. Mwalimu alitazama saa, akamtazama mama, akamgusa dereva begani.

Uwanja wa chuo ulikuwa mtupu. Raba yake ilikuwa nyekundu, mistari myeupe, inanuka jua. Mzee wa kitambaa hakuwapo. Uzio wa kamba haukuwapo. Nilisema moyoni, labda leo ni siku yake ya mapumziko, na kamba wamezianua.

"Alikimbia njia ya ngapi, mama?"

"Sijui."

Basi tukaanza ya kwanza. Nilivua viatu. Mama naye akavua, akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti, akawa anapita na mkono wake juu ya raba kama mtu anayetafuta sindano. Nami njia ya pili. Baada ya muda mwalimu alitoka kivulini akachukua ya tatu. Watu wawili wa Meru wakaja, halafu wanne. Mchinjaji alipotoka msikitini alitukuta darasa zima tumepiga magoti tumeinamisha vichwa. Alisimama, akatutazama, akauliza ni imamu gani huyo anayetuswalisha kwa kuzunguka. Halafu akakunja kanzu, akashika njia ya saba.

Kijana wa shati jeupe alinijia. "Samahani, mmedondosha kitu?"

Nilimweleza. Alifungua mdomo. Kisha akamtazama yule mama, ambaye alikuwa ameshafika kwenye kona, magoti yake yamepauka kwa vumbi, anapima shimo dogo kwa kijiti, anatikisa kichwa, anasonga mbele. Kijana akafunga mdomo. "Basi tuendelee kutafuta," alisema, akakunja mikono ya shati.

Tulizunguka. Migongo ilikuwa imekufa. Mimi mgongo wangu ulikuwa umekwisha kuzikwa na matanga yake kufanyika. Karibu na mstari wa kumalizia, njia ya nne, mama alisimama.

Palikuwa na bonde dogo kwenye raba, refu kiasi, pana mbele, jembamba nyuma. Leo nikifikiri naona linaweza kuwa limetokana na kitu chochote kizito kilichokaa pale siku nyingi. Mama alilaza kijiti ndani yake. Kiliingia, kikatulia, hakuna nafasi mbele wala nyuma. Sote tulisogea. Alipitisha kidole pale mbele.

"Cha pili ni kirefu," alisema.

Mimi sikuona kidole. Lakini niliapa nakiona, na mwalimu akasema anakiona, na mchinjaji akasema hata yeye anakiona, na macho yake hayaoni hata bei ya nyama. Mama alikaa chini hapohapo kwenye njia ya nne, akaweka mguu wake mwenyewe, wenye nyufa za shamba, kando ya lile bonde.

Halafu akatoa simu yake, akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika.

"Hashiki," alisema. Hakulia. Alisema vile mtu anavyosema mvua haijanyesha.

Kijana wa shati jeupe alichuchumaa, akatoa simu yake. "Mama, jaribu kwa hii. Namba ngeni ya huku, huenda akashika."

Alimsomea namba kwa kichwa, tarakimu moja moja, bila kukosea. Iliita mara tatu.

"Halo?" Tuliisikia sote, sauti ya mwanamke kijana, na nyuma yake watu wakizungumza.

"Usikate," mama alisema. "Ni mimi."

Upande wa pili haukukata. Halafu mama akaanza kuongea Kiembu, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia, na mimi mtu wa Kianjai nilishika neno hapa na neno pale: viatu, soko, nilikosea, miguu yako, hapa, nimekaa hapa. Tulirudi nyuma kidogo, tukajifanya tunatazama milima. Nilimsikia akisema nilikosea mara nyingine. Kisha akawa anasikiliza tu, muda mrefu, anachora kwenye raba kwa kile kijiti. Mara moja akacheka kidogo, kwa pua. Mwalimu alimwambia dereva kwa ishara angoje, na dereva akazima injini.

Mwishowe mama aliniita. Uso wake ulikuwa umelowa na umechoka, umechoka vizuri, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Anasema atakuja kahawa ikianza kuchumwa," alisema. "Na anataka kuongea na wewe. Ameuliza ni nani alinileta hapa."

Nilipangusa mkono kwenye suruali. Nilijua nitashukuriwa, na tayari nilikuwa nimetunga jibu la unyenyekevu, refu kiasi. Nikaweka simu sikioni.

"Wewe ndiye ulimwambia mama kuhusu alama za miguu?"

"Ndimi, binti yangu. Na tumeuona. Wazi kabisa, vidole vitano."

Kisha akasema, bila ukali, polepole, kama mwalimu anayemrudia mwanafunzi wa nyuma kabisa:

"Mzee, raba haishiki alama ya mguu. Ukikanyaga inarudi. Halafu mimi sikukimbia hapo. Tulikimbia kwenye kiwanja cha udongo, shule moja ng'ambo ya mji. Hapo chuoni tulilala tu."